Namna ya kumsoma Mpuritani: anza na nyumba iliyoungua

Chuoni nilipopewa insha juu ya Wapuritani wa Marekani, wale Waprotestanti wakali wa Kiingereza waliohamia huko karne ya 17, nilijaza kurasa sita. Nikasema walikuwa watu wakali, na kwamba kuanzia 1659 mtu akikutwa Massachusetts anasherehekea Krismasi alitozwa faini ya shilingi 5. Yote kweli. Mwalimu wangu akaandika chini kwa wino mwekundu: "Umewasema. Hukuwasoma." Alama niliyopata tuiache. Siku hizi nafundisha fasihi vijana wanne watano sebuleni kwangu jioni, na hivi ndivyo ninavyowaanzisha.

Historia iweke kando kwanza. Tafuta shairi moja la mshairi Mpuritani Anne Bradstreet, lile la nyumba yake kuungua usiku wa tarehe 10 Julai 1666, huko Andover, Massachusetts. Bradstreet alivuka bahari kutoka Uingereza mwaka 1630, hajafika hata miaka 20, tayari ni mke wa mtu. Akazaa watoto wanane na bado akapata muda wa kuandika. Shairi ni fupi, mistari inakwenda miwili miwili kwa vina; lisome kwa sauti kabla ya kushika kalamu.

Sasa chukua kalamu mbili za rangi. Nyekundu ni ya vitu: sanduku, kasha, meza, mshumaa, mahali alipozoea kukaa na kulala. Bluu ni ya Biblia. Fungua Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", maneno ambayo wengi wetu tumeyasikia makaburini, kisha Mhubiri kwa ajili ya ubatili. Paka rangi pole pole.

Utaona jambo. Bluu inakuja mapema kabisa: moto haujapoa, mama huyu ameshalihimidi jina la Bwana aliyempa na kumnyang'anya. Kwa imani yake, shairi lingeishia hapo. Haliishii. Anasema kila apitapo penye majivu macho yanamkimbilia kule kule, halafu nyekundu inamwagika: hapa palikuwa na sanduku, pale kasha. Hakuna mgeni atakayekaa tena chini ya paa lile, hakuna mshumaa utakaowaka, sauti ya bwana harusi haitasikika. Anaihutubia nyumba yenyewe kama unavyomwita marehemu. Kisha anajishika, anajikemea, ubatili mtupu, na bluu inarudi kufunga shairi kwa nyumba nyingine iliyojengwa juu na Mungu mwenyewe.

Binti mmoja darasani kwangu aliuliza, "Mwalimu, kama mali si kitu, mbona anakumbuka sanduku lilikaa upande gani?" Nikamwambia insha yake ni hiyo. Pale rangi mbili zinapogusana ndipo pa kuchimba. Imani inamkataza kuomboleza vitu, lakini ili akiri kwamba alivipenda mno ni lazima avitaje kimoja kimoja. Kukiri kwake ndiko kunakoleta ushairi.

Baada ya hapo, jiulize swali lililowakosesha Wapuritani usingizi: je, mimi ni mmoja wa wateule? Waliamini Mungu ameshaamua tangu awali nani ataokoka, na matendo mema hayabadilishi uamuzi. Kuingia usharika kamili ilibidi utoe ushuhuda mbele ya watu jinsi neema ilivyokugusa. Hapa usidanganyike na shuhuda tulizozizoea sisi, ambapo mtu husimama na kusema ameokoka tarehe fulani, basi. Mpuritani mwenye uhakika kupita kiasi alitiliwa shaka. Kwa hiyo waliandika shajara na kumbukumbu wakijikagua, na kila homa, moto au mavuno yalisomwa kama barua kutoka juu.

Jaribu kalamu zako kwa Mary Rowlandson, mke wa mchungaji wa Kipuritani. Februari 1676, katika vita vya walowezi na Wenyeji walioongozwa na Metacom, alitekwa katika mji wa Lancaster, Massachusetts, akakaa mateka majuma 11. Kitabu chake kilitoka 1682. Bluu imejaa, maana kila hatua ina aya yake. Lakini fuata chakula: anakula ini la farasi lililoiva nusu, damu mdomoni, na analiona tamu. Anawaita watekaji wake washenzi, na hapo msomaji asiwe mpole. Palepale anasimulia kwamba mmoja wao alimpa Biblia, na kwamba Metacom alimlipa shilingi kwa kumshonea mwanawe shati. Simulizi yake inajua zaidi ya hukumu yake.

Hotuba ya 1630 ya John Winthrop, gavana wa koloni la Massachusetts, ile aliyowaambia wenzake watakuwa kama mji juu ya kilima, macho ya wote yakiwatazama, wanafunzi huinukuu kama majigambo. Endelea kusoma mistari inayofuata: anaonya kwamba wakimdanganya Mungu, watakuwa kisa na dhihaka midomoni mwa dunia nzima. Ni mtu mwenye hofu huyo.

Mwisho ruka hadi 1850, kwa mwandishi wa riwaya Nathaniel Hawthorne. Babu wa babu yake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem za 1692, ambako watu 19 walinyongwa. Katika riwaya yake The Scarlet Letter, ya mwanamke aliyelazimishwa kuvaa herufi kifuani, kalamu ya bluu itakwama: mazoea ya kusoma ishara katika kila kitu yamebaki, ila hakuna tena mwenye hakika ishara zinasema nini. Weka alama ya kuuliza pembeni kila zinapotokea.

Ndipo uandike insha. Kurasa mbili zinatosha.