Kabla hujachora tatoo, jua kwanza kwanini unaitaka

Watu wengi wanaanza na mchoro, wanaona picha kali mtandaoni wanaisevu halafu maana wanaitafuta baadaye, mimi naona huko ni kuanzia mwisho. Anza na sababu. Iandike kwenye simu kwa maneno yako, sentensi moja au mbili tu, usimuonyeshe mtu, halafu iache ikae miezi kadhaa. Ukirudi kuisoma ukakuta bado inakugusa, endelea. Ukiisoma ukajishangaa, achana nayo, hujapoteza kitu.

Na sababu sio lazima iwe nzito jamani, watu wanajitesa sana hapa, wanadhani kila tatoo lazima ibebe msiba au neno la busara. Kuipenda tu inatosha. Yule mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, Ötzi, aliyeishi zaidi ya miaka 5000 iliyopita, ana tatoo 61 na nyingi ni mistari mitupu, tena nyingine ziko kiunoni na magotini ambako mifupa yake ilikuwa imechakaa, ndio maana kuna watafiti wanaoona zilikuwa za tiba. Yaani toka zamani kila mtu na lake.

Swali ninaloliamini kuliko yote ni hili: kama hakuna mtu atakayeiona wala kukusifia, bado utaitaka? Halafu ligeuze, kila mtu akiiona na kukuuliza, uko tayari kujibu? Maana utaulizwa na watu usiowajua kabisa, kwenye foleni, kazini, kwenye daladala, na kama ni kumbukumbu ya mtoto au mzazi aliyefariki utajikuta unasimulia kifo chake siku ambayo hukuwa na nguvu hiyo. Kwa hiyo za uchungu ziweke mahali nguo inafunika, ubavuni au juu ya bega, ili uamue mwenyewe nani aione. Na badala ya tarehe na maneno ya makaburini, tafuta kitu chake hasa. Mwandiko wake kwa mfano, neno moja alilowahi kuandika kwenye barua au daftari, mchoraji analinakili vile vile na herufi zake zilivyolala. Naona hakuna mchoro unaoshinda huo.

Jina la mpenzi? Mtoto sawa, mzazi sawa, mpenzi subiri kwanza.

Alama yenye maana kwa watu wengine isome vizuri kabla. Nukta mkato (;) toka 2013 imekuwa alama ya watu waliofikia kutaka kujiua wakaamua kuendelea kuishi, ukiichora kwa sababu tu ni ndogo na nzuri ipo siku mtu atakushika mkono akufungulie moyo wake na wewe huna la kumwambia. Michoro ya usoni ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, inaeleza ukoo wa mtu, ni kama kuvaa ukoo wa wenyewe, hiyo usiguse. Na maandishi ya lugha usiyoijua waonyeshe watu wawili wanaoisoma, kila mmoja kivyake.

Dini na nyumbani malizana nako mapema, sio baada. Wapo Wakristo wanaoshika Walawi 19:28, inayokataza kujichora alama mwilini, na wapo Wakopti, Wakristo wa Misri, wanaochora msalaba mkononi kama ushuhuda wa imani yao, na kwa Waislamu wanazuoni walio wengi wanakataza tatoo ya kudumu ila hina inaruhusiwa. Mimi siwezi kukuamulia, ila kama dhamira inakusuta sasa hivi, wino hautainyamazisha.

Ukishaamua, usibane maandishi. Wino unakaa chini ya ngozi ya juu na miaka inavyoenda unatanuka kidogo kidogo, herufi ndogo kama a na e vitundu vyake vinaziba na neno halisomeki tena, kwa hiyo kuza au punguza maneno. Kama ngozi yako ni nyeusi omba kuona kazi za mchoraji kwenye ngozi kama yako, zilizopona, sio za siku ile ile. Kama makovu yako huwa yanavimba na kuota nyama, ongea na daktari kwanza. Sindano ifunguliwe mpya mbele yako, homa ya ini haina utani.

Siku yenyewe mchoraji atakubandikia kwanza karatasi inayoacha mistari ya zambarau kwenye ngozi. Usiiangalie umeukaza mkono. Simama mbele ya kioo, mkono ulegee, ugeuze, uukunje, kwa sababu mstari ulionyooka umekaa unaweza kupinda ukisimama. Ukiona haijakaa sawa sema, hata mara ya tatu, anafuta anabandika upya, na mchoraji anayenuna kwa hilo mshukuru uondoke.