Jinsi ya kuuingiza mtaa wako kwenye mpango wa mji wa Kigoma kabla bikoni hazijapigwa

Hapa mwisho wa reli kulalamika tunajua sana, barabara mbovu, mtaro hakuna, watoto hawana pa kuchezea, ila ukiuliza nani alienda kuyasema hayo kabla bajeti haijafungwa unakuta kimya. Mji unapangwa kila mwaka jamani, tena na watu tunaowajua, sema unapangwa kwenye vikao vya kuchosha ambavyo hatuendi, halafu siku sevea, yaani mpima ardhi, anakuja kupiga bikoni (zile alama za mipaka ya viwanja) katikati ya kiwanja cha mpira ndo tunaanza kukimbizana. Haya ni maelekezo ya namna ya kuwahi. Naangalia zaidi Kigoma-Ujiji na majirani zake wa Mwandiga, Kidahwe na Simbo, lakini mtu wa Tabora nae anaweza kuyatumia maana ngazi za ofisi ni zile zile.

Kwanza jua nani mwenye nini

Hapa ndo watu wanapoteza muda sana. Mtu anaenda manispaa na shida ya barabara ya mtaani kwake, anakaa kwenye benchi mpaka saa nane, anaambiwa nenda TARURA. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko kwa TARURA, zile kubwa zinazounganisha mikoa ziko TANROADS. Maji ya mjini ni KUWASA, ukishatoka nje ya mji unaingia kwa RUWASA. Hati za ardhi zinashughulikiwa ofisi ya ardhi ya mkoa. Eneo la reli ni la TRC, shirika la reli, hapo usiende kumuuliza mwenyekiti wa mtaa, muulize TRC mwenyewe. Manispaa inabaki na michoro ya mipango miji, viwanja, masoko, maeneo ya wazi, vibali vya ujenzi, na hayo peke yake ni mengi kweli kweli.

Kalenda ndo kila kitu

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, ila pesa ya huo mwaka inagawanywa miezi mingi kabla. Mwongozo wa bajeti huwa unatoka kuelekea mwisho wa mwaka, mitaa na kata wanakusanya vipaumbele vyao, mwanzoni mwa mwaka madiwani wanapitisha, Aprili mpaka Juni mambo yako bungeni. Kwahiyo ukienda na shida yako mwezi wa tatu utapokelewa vizuri tu, utapewa kiti, utaambiwa "tumelichukua", na halitaingia popote.

Uzuri ni kwamba Novemba na Desemba ni kipindi cha mvua huku kwetu. Mji wetu uko kwenye miteremko, mvua ikipiga maji yanashuka na mchanga wote mpaka ziwani, yanapita sebuleni kwa watu. Hicho ndo kipindi cha kupiga picha. Picha ya mtaro uliokauka mwezi wa nane haimshtui mtu, ila video ya maji yanavuka barabara na bodaboda imezimika katikati, yenye tarehe na lokesheni, hiyo injinia ataiangalia mara mbili.

Chora ramani yenu wenyewe

Usisubiri mtaalamu. Chukua kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, geuza upande mweupe, chukua maka peni mbili za rangi tofauti, tafuta watu watano sita wa rika tofauti mtembee mtaa mzima asubuhi. Mzee mmoja anayekumbuka mkondo wa zamani wa maji ulipita wapi, kijana wa boda, mama mwenye biashara, mtu mwenye ulemavu kama yupo, mwanafunzi. Kila mmoja anaona mji tofauti. Mama anayeuza mawese na migebuka njia panda anajua vitu ambavyo hakuna ofisi inavyo, saa ngapi watu wanapita, wapi pana giza wasichana wanazunguka mbali kupakwepa, maji yakijaa yanaanzia kwenye kona ipi. Mpe peni achore mwenyewe, usimchoree.

Wekeni alama mambo machache tu: maji yanapopita, njia ambazo watu wanazitumia kweli hata kama ni uchochoro, maeneo ya wazi yaliyobaki, visima na magati ya maji (sehemu za kuchotea maji ya bomba), sehemu gari la wagonjwa haliwezi kufika. Msiweke kila kitu. Ramani yenye shida arobaini ni sawa na haina shida hata moja, atakayeisoma ataiweka pembeni.

Kuiingiza kwenye karatasi

Sasa mnaitisha mkutano wa wakazi wa mtaa kupitia mwenyekiti na mtendaji, unaohudhuriwa na wakazi wenye miaka 18 na kuendelea. Wapangaji nao ni wakazi, hili watu wanalisahau kabisa, mjini wengi ni wapangaji na wao ndo wanaohangaika na maji na njia kila siku, waiteni. Kikao kiwe jioni au Jumapili mchana ila siyo siku ya mnada wala siku ya mechi kubwa, utajaza viti vitupu.

Kwenye mkutano chagueni vipaumbele vitatu, visizidi. Kila kimoja kiandikwe kiko wapi hasa, kinawagusa kaya zipi, na wananchi wanachangia nini, iwe nguvu kazi, mawe, mchanga au kuachia kipande cha kiwanja. Huo mchango usiudharau, ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ambao halmashauri zinautumia unaanzia kwenye jitihada za wananchi wenyewe, mradi wenye msingi uliokwisha kuchimbwa unasikilizwa kuliko ombi la mdomo.

Muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, mhuri wa mtaa. Bila muhtasari na mhuri mlikuwa mnapiga stori. Toeni kopi, moja ibaki kwenu, maana mtendaji akihamishwa anaweza kuondoka na kumbukumbu zote kichwani.

Kutoka hapo linaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani na wenyeviti wa mitaa wanakaa humo, kwahiyo mwenyekiti wenu ndo mtu wa kulisemea. Mimi nashauri mumwandalie karatasi moja fupi aisome, maana watu wazuri wengi wakifika kikaoni wanaongea kuhusu kila kitu halafu lile la mtaa wao linapotea.

Maeneo ya wazi, hapa kaeni macho

Hili ndo naliona muhimu kuliko yote na ndo linaloachwa. Mtaa unaishi kwa vile vipande ambavyo havina mwenye navyo, kiwanja cha vijana, kivuli cha mwembe ambapo wazee wa Ujiji wanacheza bao, kasehemu ambako akina mama wanapanga mboga jioni. Hivyo vyote kwenye mchoro vinaweza kuonekana tu kama ardhi tupu. Mtu wa nje akiuona mchoro anaona viwanja vinne vya kuuza.

Nenda kwa afisa mipango miji wa manispaa uombe kuona mchoro wa eneo lenu, ule watu wanaouita TP. Ni haki yako kuona. Angalia kile kiwanja cha mpira kimeandikwa nini. Kama kimeandikwa eneo la wazi piga picha mchoro pamoja na namba yake, itunzeni. Kama kimeandikwa makazi, hapo mna kazi, andikeni barua na muhtasari wa mkutano muombe kibadilishwe mapema, kabla hakijauzwa. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi yanapita kwenye kamati ya madiwani inayohusika na mipango miji, kwahiyo diwani hawezi kusema hakujua.

Ukinyimwa taarifa usigombane mlangoni. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika ombi kwa maandishi na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Mara nyingi ukiitaja tu kwa heshima kwenye barua, faili linaonekana.

Kama kampuni ya urasimishaji inakuja

Urasimishaji, yaani kupanga na kupima mtaa ambao watu walishajijengea bila mpango, ni mzuri, mnapata michoro, upimaji, mwisho hati. Lakini barabara zinapatikana kwa nyinyi kuachia vipande vya viwanja vyenu na hapo ndo ugomvi. Kubalianeni upana wa njia kwenye mkutano kabla mchoro haujachorwa, na anayeachia zaidi ajulikane na akubali mwenyewe, siyo asikie kwa jirani. Kamati ya urasimishaji ya mtaa isiwe ya ndugu wa mwenyekiti. Pesa zisikusanywe mkononi, kila mtu awe na risiti au control number. Na msiruhusu kupima viwanja tu bila kuacha eneo la zahanati, soko dogo na uwanja, eti "tutalitafuta baadae". Baadae hakuna. Dar ilikaa miaka na mpango kabambe wa 1979 huku watu wanajijengea, leo sehemu kama Manzese ukitaka kupitisha gari la zimamoto lazima ubomoe nyumba ya mtu. Manispaa yetu kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya 230,000 tu, nafasi bado ipo.

Walioko ufukweni

Kibirizi, Katonga, Bangwe, mnajua ziwa lilivyopanda miaka ya karibuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Mtu akikuuzia kiwanja cha bei chee chenye mandhari nzuri ya kutazama Kongo, chukua futi kamba kwanza.

Reli mpya nayo ni hivyo hivyo. Mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022 na tangu hapo madalali hawalali. Kabla ya kununua au kuendeleza karibu na njia uliza kwa maandishi kama eneo limeguswa na mradi wa reli. Na ukiguswa, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati, kwahiyo siku ya uthamini uwepo mwenyewe, hesabu michikichi yako na miembe mbele ya mthamini, usimwachie shemeji.

Shida inayovuka mpaka

Mji umeshavuka mpaka wa manispaa siku nyingi. Mtu analala Mwandiga anafanya kazi Mwanga, ila Mwandiga iko halmashauri ya wilaya na Mwanga iko manispaa. Maji ya mvua hayajui hilo, takataka hazijui, daladala ndo kabisa. Mtaa mmoja ukijenga mtaro unaoishia mpakani umehamishia mafuriko kwa jirani.

Hapa dawa ni kwamba halmashauri zote mbili ziko wilaya moja ya Kigoma chini ya mkuu wa wilaya mmoja, na Kamati ya Ushauri ya Wilaya inazikalisha pamoja. Andikeni barua moja ya mitaa na vijiji vya pande zote mbili, mihuri yote, ipitie kwa madiwani wote wawili iende kwa mkuu wa wilaya. Barua ya upande mmoja itaonekana kama mnamshtaki jirani. Likishindikana hapo kuna Kamati ya Ushauri ya Mkoa, lakini msirukie huko kwanza, mtarudishwa chini na mtakuwa mmeshamuudhi mtu.

Bajeti ikishapita

Usilale. Mwezi wa saba nenda kasome ubao wa matangazo wa kata na wa TARURA, angalia mradi wenu upo au umeyeyuka. Ukiwepo muombe mtendaji aulizie mkandarasi ni nani, kazi inaanza lini, urefu na upana ni upi, halafu yaandikeni kwenye grupu la mtaa watu wote wajue. Wapeni kazi ya kuangalia vijana wawili wanaokaa jirani na site, wapime upana wa mtaro wenyewe kwa futi. Mkiona zege limepasuka au kalvati limewekwa juu kuliko maji yanapotokea, barua iende TARURA wiki hiyo hiyo kabla mkandarasi hajalipwa, maana akishalipwa na kuondoa mashine kumrudisha Kigoma ni shughuli.