Karafuu ya daraja la kwanza: kutoka mtini hadi guniani

Bei ya karafuu haipangwi Wete wala Mkoani, huku Pemba. Indonesia ndiyo inayozalisha karafuu nyingi kuliko nchi zote, na sehemu kubwa huitia kwenye sigara zake. Zamani ilinunua kwetu. Ilipojitosheleza miaka ya 1980, bei ikaporomoka na Pemba nzima ikaumia. Hilo mkulima haliwezi. Analoliweza ni daraja.

Chuma karafuu zinapoanza kugeuka kutoka kijani kuwa nyekundu nyekundu, kabla ua halijafunguka. Likifunguka, kichwa hudondoka na mafuta hupungua. Usivunje tawi kwa kulivuta: mkarafuu huzaa nchani, kwa hiyo tawi lililovunjika halikupi kitu msimu ujao.

Chambua siku ile ile. Makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, yaweke mbali. Yana soko lake, kiwanda cha Wawi huyatoa mafuta. Wengi huharibikiwa hapa: karafuu mbichi zinalazwa kwenye rundo au kwenye polo la plastiki zikingoja jua. Usiku zinapata joto, zinachacha, na zikikauka zinatoka zimepauka, zimesinyaa, nyepesi. Hiyo ndiyo mpeta, na ukiianika wiki nzima hairudi kuwa karafuu nzuri. Mvua ikishika, zitandaze ndani, tabaka jembamba, uzigeuze mara kwa mara.

Anika juu ya jamvi, si juu ya lami, maana mchanga na mafuta ya magari mnunuzi wa nje huyaona mara moja. Jua likiwa kali, siku 4 au 5 zinatosha. Geuza mchana, funika kabla umande haujaanguka. Kujua zimekauka, ivunje moja: ikikatika kwa mlio, tayari, ikipinda, bado. Unyevu ukizidi asilimia 12, gunia litaota ukungu. Tumia gunia la katani au juti, uliweke juu ya mbao, mbali na sakafu.

Ukishawishiwa kuuza mbichi, piga hesabu kwanza. Kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Chukua bei ya kilo kavu kwenye kituo cha kununulia karafuu, toa ujira wa kuchambua na kuanika kilo hiyo, kisha gawa kwa 3. Anayekupa chini ya hapo anachukua faida yako.