SOMO: Kutengeneza lyra ya Wagiriki wa kale kwa kibuyu (hatua ya 6 isome mara mbili)

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Fundi, nikiituni lyra asubuhi, ikifika mchana imelegea yote." Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Lyra ni chombo cha muziki cha nyuzi, na ninayoizungumzia ni ile ya gamba la kobe, ambayo Wagiriki waliiita pia chelys, yaani kobe. Ndiyo waliyofundishiwa watoto wa Athens. Kwenye kikombe cha mchoraji Douris cha takriban mwaka 480 KK, kilichoko Berlin, mwalimu na mwanafunzi wameketi wakitazamana, kila mmoja na lyra yake. Kithara ni chombo kingine: sanduku la mbao lenye kitako bapa, kizito, cha wanamuziki wa mashindano.

1. Bakuli. Pasua kibuyu kikavu kwa urefu. Nusu yenye urefu wa sentimita 25 inatosha, ukuta usipungue milimita 5. Kobe muache, analindwa kisheria.

2. Mikono. Vipande viwili vya mti uliopinda wenyewe, sentimita 45 kila kimoja. Mimi natumia matawi ya mpera. Toboa kibuyu pale ambapo miguu ya mbele ya kobe ingetokea, pitisha mikono, kaza kwa ndani.

3. Nira. Wagiriki nao waliiita hivyohivyo, zugon, nira ya ng'ombe. Fimbo ya mviringo yenye unene wa kidole gumba, inayounganisha ncha za juu za mikono miwili. Usiipake vanishi.

4. Ngozi. Wamba juu ya bakuli ngozi mbichi ya mbuzi (yaani isiyotiwa dawa) ikiwa imelowa, ikaukie kivulini siku tatu. (Kwenye utenzi wa kale wa Hermes, mungu huyo anatengeneza lyra ya kwanza siku aliyozaliwa: gamba, mianzi, ngozi ya ng'ombe, mikono miwili, nira, nyuzi saba za utumbo wa kondoo. Ni orodha kamili ya fundi, nami naifuata hadi leo.)

5. Nyuzi na daraja. Nyuzi saba za nailoni ya kuvulia samaki, kuanzia milimita 1.0 hadi 0.6. Chini zifunge kwenye kishikio cha waya mnene. Daraja ni kipande cha mwanzi kinachokaa juu ya ngozi bila gundi, nyuzi zenyewe zinakibana.

6. Kollopes. Hapa ndipo nilipoharibu lyra mbili.

Ya kwanza nilitoboa nira nikaweka funguo za gitaa. Matundu saba kwenye fimbo nyembamba! Nilipofika uzi wa tano nira ikapasuka kwa urefu, mlio kama wa kuni kavu, mkono mmoja ukang'oka na kipande cha kibuyu. Ya pili nilitumia vipande vya ngozi laini ya viatu. Ilishika vizuri, nikafurahi, nikalala. Asubuhi nyuzi zote saba zilikuwa zinaning'inia.

Lyra haikuhitaji vigingi. Wagiriki walifunga kila uzi kwenye nira pamoja na kipande cha ngozi nene ya shingo ya ng'ombe, nacho ndicho kollops (wingi kollopes). Mshairi Homer anapoeleza jinsi shujaa Odysseus alivyoupinda upinde wake mkubwa, anasema aliutia kamba kwa urahisi kama mpigaji stadi anavyovuta uzi kwenye kollops mpya. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kuuelewa. Niliuelewa siku nilipoishika mkononi endongo, lyra ya Waganda, nikaona kila uzi umezungushwa kwenye nira juu ya kitambaa, hakuna kigingi hata kimoja.

Fanya hivi. Kata utepe wa ngozi mbichi ya ng'ombe, upana sentimita 1.5, urefu 6. Ulaze juu ya nira. Leta uzi kutoka darajani, upitishe juu ya utepe, zungusha mara tatu au nne ukibana utepe na nira pamoja, kisha ncha ya uzi ipite chini ya mizunguko hiyo. Kunja ncha ya utepe juu yake. Sasa una donge moja: ukilishika kwa vidole na kulisokota, linazunguka nira pamoja na uzi, na ukiliachia linakaa palepale.

Angalieni haya:
- Ngozi iwe kavu kabisa. Mbichi yenye unyevu itasinyaa na uzi utalegea.
- Paka nira unga wa utomvu wa msonobari. Mafuta ya aina yoyote yasiguse hapo, hata ya mikono.
- Usikaze uzi mmoja hadi mwisho ndipo uende wa pili. Kaza zote nusu, zirudie, zirudie tena. Ngozi ya uso na nira vinanepa kidogo kila uzi unapoongezeka.
- Siku mbili za kwanza italegea tu. Hilo si kosa lako.

7. Kutuni. Anza na uzi wa kati, mese. Kwa wanakwaya ni rahisi: ti, do, re, mi, fa, so, la. Mese ni mi. Nyuzi nne za mwanzo ni ti hadi mi, nne za mwisho ni mi hadi la, na mese imo katika makundi yote mawili.

MASWALI

Jembe01: Sijasoma yote ila naomba kujua, naweza kuweka funguo za gitaa?

Fundi: Hatua ya 6, aya ya pili.

Mkwaju: Nimeokota gamba la kobe aliyekufa mwenyewe, si naweza kulitumia?

Fundi: Hapana. Sheria haiulizi alikufaje. Tumia kibuyu.

Nyakwar: Kaka, hii ni nyatiti umeibadilisha jina.

Fundi: Si kweli, ndugu yangu. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, mpigaji anakaa chini kwenye kigoda, chombo kiko ardhini, na pete ya chuma kidoleni mguuni inagonga mti wake. Lyra inashikwa kifuani kwa mkanda wa kifundo cha mkono wa kushoto. Ni ukoo mmoja, na nimesema wazi nilijifunza kutoka vyombo vya kwetu. Lakini kila kimoja kina heshima yake.

Mama Kwaya: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba uzi wa sauti nzito kuliko yote unaitwa hypate, maana yake "wa juu kabisa". Imekaaje? Na mkono wa kushoto unafanya nini?

Fundi: Marahaba mama, swali zuri sana. Ni juu kwa mahali, si kwa sauti: jina linafuata uzi ulipo chombo kikiwa mikononi. Wa tatu unaitwa likhanos, kidole cha shahada, kwa kuwa ndicho kilichougusa. Majina hayo yalitoka mahali pa uzi na vidoleni, si kwenye sauti. Mkono wa kushoto, kwenye michoro, vidole vimetandazwa nyuma ya nyuzi huku wa kulia ukicharaza. Njia moja ni kuzizima kwa vidole nyuzi usizozitaka na kucharaza zote kwa pamoja. Wapigaji wa krar, lyra ya Ethiopia, wanafanya hivyo hadi leo. Jaribu na wimbo wa sauti tatu tu kwanza.

Mwanahamisi: Kuna lyra halisi iliyobaki?

Fundi: Mabaki yapo, dada. British Museum wana moja yenye gamba. Mwaka 1981 kaburi lilifukuliwa Daphni, Athens, likiwa na gamba la lyra, kinubi cha pembetatu, mbao za kuandikia na vipande vya mafunjo. Vitu hivyo viko jumba la makumbusho la Piraeus.

Mkwaju: Nami niongeze: neno gitaa asili yake ni kithara, limepita Kiarabu na Kihispania.

Fundi: Sahihi, Mkwaju. Asante.

Jembe01: Nimesoma sasa. Samahani fundi. Nitaitoa vipi harufu ya ngozi?

Fundi: Karibu tena. Iloweke usiku mzima kwenye maji yenye majivu, kwangua nywele na mafuta yote, isuuze mara tatu kabla ya kuiwamba. Harufu inatoka kwenye mafuta yaliyobaki. Na kama uko pwani, usiwambe wakati wa masika. Yangu ya mwezi wa nne ilikaa siku tisa bila kukauka, ikaota ukungu.