Intafesi ya sauti: anza na geini
Ukipata intafesi ndogo ya sauti (kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta), ichomeke kwenye tundu la USB la laptopu yenyewe, si kupitia habu (kigawanya USB) isiyo na umeme wake. Vile vimlio vya "tik tik" mara nyingi huanzia hapo.

Kisha geini, yaani kiasi cha kukuza sauti ya maikrofoni, na hapa usiwe na haraka. Imba au ongea kwa nguvu utakayotumia kweli, si ile "haloo, moja, mbili" ya uoga, huku ukipandisha taratibu mpaka vilele vya sauti vifike kati ya -12 na -6 dB kwenye mita ya kurekodia (0 ndiyo kikomo). Ukirekodi kwa biti 24 (mpangilio wa ubora wa kurekodi), hata -18 haina neno, utaongeza baadaye. Sauti iliyopasuka kwa kuzidi kikomo ndiyo haina dawa.

Ukijisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni, shusha bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata) hadi sampuli 128 au 64 unaporekodi. Wakati wa kuchanganya irudishe 512 au zaidi, kompyuta ipumue. Kama kuna kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kwenye kifaa, mimi hukimbilia hicho kwanza.

Volti 48, umeme unaotoka kwenye intafesi, ni kwa maikrofoni ya kondensa, ile inayohitaji umeme ili ifanye kazi. Zima spika kabla ya kuwasha volti hizo, ule mshindo si mchezo.