Kabla hujafuta draiva za zamani kwenye Windows

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa kama printa au modemu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaoficha data ya diski), hakikisha una ule ufunguo wa kuifungulia wa tarakimu 48, tena umeuandika nje ya kompyuta hiyo. Kisha tengeneza folda kwenye flashi, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa haki za msimamizi, uandike pnputil /export-driver * E:\draiva, ambapo E: ni herufi ya flashi na draiva ni jina la folda. Hiyo ndiyo nakala yako.

Usichague cha kufuta kwa kutazama tarehe tu. Draiva nyingi za Microsoft yenyewe zinaonyesha 21 Juni 2006, na imewekwa hivyo makusudi ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa ipewe kipaumbele.

Wengi hukosea hapa: wanachomoa kifaa, wanadhani wamemaliza. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, kwa hiyo tundu moja la usalama linaweza kumpa mvamizi mashine nzima, hata kama kifaa hakipo. Draiva ya modemu za Agere, ltmdm64.sys, ilikuwa inakuja na Windows yenyewe. Ilikutwa na tundu ambalo wavamizi walikuwa tayari wanalitumia, hata kwenye kompyuta ambazo modemu hiyo haitumiki. Oktoba 2025 Microsoft iliiondoa kabisa kupitia masasisho, na modemu za faksi zilizoitegemea zikaacha kufanya kazi. Kwa hiyo uliza kwanza ofisini nani bado anatuma faksi.

Kuondoa kifaa kwenye Device Manager bila kuweka tiki ya kufuta draiva pia hakutoshi. Kifurushi cha draiva kinabaki ndani ya DriverStore (ghala la draiva la Windows), na Windows itakisakinisha tena ikikiona kifaa. Andika pnputil /enum-drivers, tafuta jina kama oem12.inf, usome mtengenezaji na aina ya kifaa, kisha pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall. Ikikataa, usikimbilie kuongeza /force, yaani kulazimisha. Jua kwanza kifaa gani kinaitumia. Usifute mafaili kwa mkono ndani ya FileRepository, folda iliyo ndani ya DriverStore. Draiva ya kidhibiti cha diski usiiguse kabisa, la sivyo unaweza kukutana na kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, yaani Windows inashindwa kuwaka.

Futa moja, washa upya, jaribu mtandao, sauti na printa, ndipo uende nyingine. Halafu washa Memory Integrity (kinga ya kiini cha mfumo) kwenye Windows Security, kwa sababu mvamizi aliyekwisha kupata haki za msimamizi anaweza kuja na draiva mbovu yake mwenyewe. Na usipakue programu za kusasisha draiva kutoka tovuti usizozijua.