Nyumba ya Likizo Kijijini Uingereza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufika

Nyumba ya likizo katika vijiji vya Cotswolds, magharibi mwa London, haina mapokezi. Unafungua kisanduku cha namba kilichopigwa ukutani, unatoa ufunguo, na kuanzia hapo maji, moto na taka ni juu yako. Kwa hiyo mwandikie mwenye nyumba maswali yako mapema na uhifadhi majibu ndani ya simu. Mtandao wa kijijini ni dhaifu, na kuta nene za mawe huukata zaidi.

Anza na njia. Postikodi (msimbo wa posta) moja huko inaweza kubeba nyumba nyingi zilizotawanyika mashambani, na nyingi hazina namba, zina jina tu getini. Omba picha ya mlango wenyewe. Muda wa kuingia kwa kawaida ni saa 10 jioni, na Desemba saa hiyo jua linazama au limeshazama. Vijiji vingi havina taa za barabarani, basi tochi iwe mfukoni, isifungiwe kwenye begi. Treni ya moja kwa moja kutoka London Paddington hadi Moreton-in-Marsh huchukua kama saa moja na nusu. Kutoka hapo mabasi ni machache, na Jumapili baadhi hayatembei kabisa. Teksi iagize kabla hujaondoka London. Mgeni mwenye leseni ya Kenya au Tanzania anaweza kuitumia hadi miezi 12, na magari hupita kushoto kama kwetu, ila spidi huandikwa kwa maili: 30 ni kama kilomita 48 kwa saa. Kwenye vinjia vya gari moja, aliye karibu na sehemu ya kupishana ndiye anayerudi nyuma.

Chakula kinunuliwe njiani. Tangu sheria ya 1994, duka lenye zaidi ya mita za mraba 280 hufungua kwa muda wa saa sita tu Jumapili, kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Nyama halali itafute mjini, Oxford kwa mfano, kwa sababu bucha za vijijini ni nadra kuwa nayo. Nyama, samli na maziwa usifunge kutoka nyumbani. Haviruhusiwi kuingia na vitachukuliwa uwanja wa ndege.

Joto ndilo linaloharibu likizo za wengi. Vijiji vingi havina bomba la gesi. Boila, yaani mtambo unaopasha maji na nyumba joto, huchoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, kutoka tangi lililo nje. Uliza limebaki kiasi gani na nani hulijaza. Likikauka, lori linaweza kuchukua siku kadhaa kufika, na hata baada ya kujazwa boila inaweza kugoma, kwa kuwa hewa imeingia kwenye bomba na lazima fundi aitoe. Tazama pia geji ya presha ya maji kwenye boila: mfumo ukiwa baridi, mshale ukae kati ya bar 1 na 1.5. Ukishuka sana, boila nyingi hujizima zenyewe. Kuongeza maji ni kazi ya dakika mbili, lakini usiguse kabla mwenye nyumba hajakuelekeza ni koki zipi, kisha hakikisha umezifunga. Mshale ukifika 3, vali ya usalama huanza kumwaga maji nje.

Kama kuna jiko la kuni, choma kuni zenye unyevu usiozidi asilimia 20. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na kugandisha lami ndani ya dohani, na lami hiyo ndiyo hushika moto. Majivu yaingie kwenye ndoo ya chuma na yalale nje, kwani kaa huweza kuwa hai hata kesho yake. Bonyeza kitufe cha kengele ya kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyonusika) siku ya kwanza, kabla ya kuwasha chochote.

Plagi za Kenya, za miguu mitatu ya bapa, huingia bila adapta. Bafuni ndiko penye mtego. Aliyezoea shawa ya umeme ya Nairobi ataitafuta swichi ukutani. Huku ni kamba inayoning'inia kutoka darini, na mara nyingi ziko mbili, moja ya taa na moja ya shawa. Ukivuta ya shawa, kitaa chekundu huwaka kwenye swichi. Kisipowaka, maji yatatoka baridi hata ugeuze kitufe namna gani. Jiko la umeme nalo huwa na swichi yake kubwa ukutani.

Chooni kwa kawaida hakuna kipampu cha maji, basi anayestanji aje na kopo lake. Nyumba nyingi za nje ya kijiji hutumia karo, yaani shimo la maji taka: hakitupwi humo kitu isipokuwa karatasi ya choo, na dawa kali za kuua vijidudu huua pia bakteria wanaoozesha uchafu. Uliza siku ya taka na rangi ya pipa. Ukikosa zamu, huenda ukasubiri wiki mbili.

Mwisho, washa kupiga simu kwa Wi-Fi ungali mjini. Dharura ni 999, ushauri wa kiafya 111, umeme ukikatika 105. Jina la nyumba, kijiji na postikodi viandike kwenye karatasi kando ya mlango, kwa sababu ukipiga 999 utaulizwa uko wapi, na mtoto aliyebaki nyumbani naye aweze kuvisoma.